Vishikwambi vitoke ofisini, viende uwanjani

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 kukamilika, Serikali iliamua kuwa vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe walimu. Ugawaji ulianza mwishoni mwa mwaka huohuo, na pamoja na vingine vilivyoongezwa, idadi ilikaribia laki tatu. Walimu wanavitumia kusomea vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kufuatilia mafunzo kazini, kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, na kutuma takwimu zinazotakiwa wilayani. Hizo zote ni kazi za mezani. Kipindi cha michezo kikifika, mara nyingi kishikwambi hubaki kwenye droo na mwalimu hutoka na filimbi na mpira mmoja, kama upo.

Tunataka kitoke naye.

Msimamo wetu hauna mzunguko. Kishikwambi cha mwalimu, au simu yake, kina kazi uwanjani: kumwonyesha mtoto jinsi mguu wake ulivyotua, kupima muda, kutunza kumbukumbu ya maendeleo ya kila mmoja. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Muda wote unaobaki ni wa mtoto kukimbia, kuruka, kurusha na kudaka mpaka atoke jasho. Chombo kisimamiwe na mwalimu. Shule inayowakalisha watoto sitini chini watazame video ya watu wengine wakifanya mazoezi haijafundisha michezo, hata kama taarifa yake itasema imetumia TEHAMA.

Tuanze na lililo gumu zaidi, kwa sababu hakuna kifaa kitakacholitatua. Kipindi chenyewe kinaibwa.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo kuanzia Darasa la Tatu, na madarasa mawili ya chini nayo yana michezo ndani ya mtaala wao. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani somo lipo. Lakini mzazi mwenye mtoto shule ya msingi anajua kinachotokea upimaji wa Darasa la Nne au mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia. Kipindi cha michezo kinageuzwa cha Hisabati, kesho cha Kiingereza, keshokutwa cha jaribio la wiki. Mwalimu mkuu anapimwa kwa ufaulu wa shule yake. Katika mkutano wa wazazi ataulizwa wangapi wamepata A, na hakuna atakayesimama kumuuliza watoto wamekimbia mara ngapi wiki hii. Wa darasa la mtihani ndio wanaoumia zaidi: wanafika shuleni alfajiri, wanaondoka jua likizama, na mchana kutwa wamekaa kwenye dawati.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya aheme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi 146, ulionyesha kuwa wanne kati ya kila vijana watano wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule, na jioni akachota maji na kuswaga mbuzi, huenda bado anakifikia bila kuambiwa na mtu. Mtoto wa mjini, wa Sinza au wa Sakina, anayechukuliwa na basi la shule mlangoni na kurudishwa mlangoni, kisha akakaa mbele ya katuni mpaka usingizi umchukue, hana pa kuzipata hizo dakika isipokuwa shuleni. Shule ikizichukua ikampa Hisabati, amezikosa.

Kwa hiyo kabla ya habari za programu na video, kipindi kirudi. Dakika zilizoandikwa kwenye ratiba ziwe dakika za uwanjani. Mwalimu anayekopa kipindi cha michezo akilipe wiki hiyohiyo, kama anavyotakiwa kulipa kipindi cha Sayansi.

Kuna jambo jingine tuliloliachia kwa mikono yetu wenyewe. Mwaka 2012, katika shule ya msingi ya St Ninians mjini Stirling, Scotland, mwalimu mkuu Elaine Wyllie aliona watoto wake wanaishiwa pumzi upesi. Akaanzisha utaratibu wa kila darasa kutoka nje kila siku kwa dakika 15, kukimbia au kutembea kiasi cha maili moja, wakiwa na nguo zao zilezile za shule. Utaratibu huo, unaoitwa Daily Mile, umesambaa nchi nyingi, na hauhitaji kifaa chochote. Msomaji aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya sabini au themanini atautambua mara moja. Ni mchakamchaka. Tulikuwa nao asubuhi, kiranja mbele, nyimbo za kupokezana, vumbi mpaka magotini, kabla ya usafi na paredi. Shule nyingi zimeuacha, na hatujui waraka wowote uliouzima. Ulififia kadiri masomo ya alfajiri yalivyoongezeka, na sasa kuna walimu vijana ambao hawajawahi kuukimbia.

Mchakamchaka ukirudi, sehemu kubwa ya kazi imefanyika bila senti tano. Na hapo ndipo kishikwambi kinapoweza kuongeza utamu. Mwalimu anapima mara moja tu, kwa programu ya ramani, mzunguko wa kuzunguka eneo la shule una mita ngapi. Kila siku darasa linahesabu mizunguko na kuandika. Watoto 60 wakikimbia kilomita moja kila mmoja kwa siku tano, jumla yao ni kilomita 300, zaidi ya barabara ya Dodoma mpaka Morogoro. Ijumaa wanaweka alama kwenye ramani ya Tanzania iliyo ukutani: wiki hii tumevuka Morogoro, wiki ijayo tutapita Chalinze. Mtoto mnene anayekimbia polepole mizunguko yake imo ndani ya jumla, sawa na ya yule mwenye mbio. Hakuna aliyeshindwa, na wote wana hamu ya Jumatatu.

Sasa twende kwenye kipindi chenyewe. Chukua kuruka chini kwa Darasa la Tano. Mtoto anakimbia, anafika kwenye mstari, anaruka, anatua mchangani. Mwalimu anamwambia, "Umepunguza mwendo kabla ya kuruka." Mtoto anaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kisha anarudia kosa lilelile. Hadanganyi wala si mkaidi. Mwili wake unamwambia kwamba amekimbia kwa kasi mpaka mwisho, na maneno ya mwalimu hayana pa kushikia. Mrekodi kwa video inayokwenda polepole, ambayo simu nyingi za siku hizi zinayo, umwonyeshe. Anajiona: hatua tatu za mwisho zimefupika, kichwa kimeinama kutafuta mstari, miguu imetua mmoja baada ya mwingine badala ya pamoja. Video yenyewe haifiki sekunde kumi. Anarudi kwenye foleni akiwa na jambo moja tu la kurekebisha, na zamu yake ikifika utamwona anainua macho na kuusahau mstari.

Hilo filimbi hailiwezi. Mwalimu hodari wa zamani alilifanya kwa kuigiza kosa la mtoto mbele yake, na wapo wanaolifanya vizuri mpaka leo. Lakini mwalimu mwenye miaka hamsini na magoti yanayouma hawezi kuigiza mruko wa kila mtoto, na mwalimu ambaye hakuwahi kuruka chini maishani mwake hajui aigize nini.

Mambo madogo ndiyo yanayoharibu au kuponya kipindi cha namna hii, kwa hiyo tuyataje. Saa nne asubuhi jua la uwanjani linafuta kila kitu kwenye kioo cha simu, basi mahali pa kutazamia pawe chini ya mwembe au ukutani penye kivuli, hatua chache kutoka mchangani. Projekta haina kazi nje, na anayeipeleka atarudisha darasa ndani, jambo ambalo hatulitaki. Simu iegemezwe kwenye matofali mawili pembeni mwa njia ya kukimbilia, kiasi cha mita tano, ili mwalimu abaki na mikono mitupu na macho yake yawe kwa watoto. Darasa la watoto 60 ligawanywe makundi manne, na kundi moja tu ndilo lirekodiwe kwa wakati mmoja. Mengine matatu yawe kazini: moja linaruka kamba, moja linacheza rede, moja linapokezana vijiti. Na mwalimu asiite darasa zima kuzunguka kioo. Atakayefanya hivyo ataona watoto wanane wanaona, hamsini wanasukumana, na robo ya kipindi imekwisha.

Kwa mtoto kiziwi njia hii ina thamani ya pekee. Anayefundishwa uwanjani kwa filimbi na kelele za maelekezo amekuwa akifuata wenzake kwa kuwatazama, daima nyuma kwa hatua moja. Akionyeshwa picha yake mwenyewe na ya aliyefanya vizuri, anapata somo lote kwa wakati mmoja na wenziwe.

Saa ya simu nayo isidharauliwe. Darasa la Sita wanaweza kujifunza kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili shingoni: filimbi ya kwanza waanze, filimbi ya pili waache baada ya sekunde 15, kila mmoja azidishe hesabu yake mara nne. Wafanye hivyo wakiwa wamepumzika, wafanye tena baada ya kukimbia, kisha dakika mbili baadaye. Wataona wenyewe moyo unavyopanda na kushuka, na kwamba aliyekuwa akifanya mazoezi mwezi mzima wake unatulia mapema zaidi. Sayansi na Hisabati zimeingia hapo bila kuombewa ruhusa. Hakuna haja ya kununua saa za mkononi zinazopima mapigo.

Kisha kuna ule ubishi wa kila siku: nani kafika kwanza. Simu iliyoegemezwa sawasawa na mstari wa mwisho inaumaliza, na inampa mwalimu hadithi ya kweli ya kuwasimulia. Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia mstari wa mwisho wa marathoni ya mashindano ya dunia wakiwa wameandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Simbu alikuwa mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Mtoto aliyepoteza mbio za mita 60 kwa kuinua mikono kushangilia kabla ya kufika, akajiona kwenye video, akasimuliwa habari ya Simbu, hatapunguza mwendo kabla ya mstari tena.

Tunajua pingamizi litakalotoka kwa walimu, na ni la haki: wengi hawakusomea michezo. Mwalimu wa Kiswahili anapewa kipindi cha Sanaa na Michezo kwa sababu ni kijana, au kwa sababu vipindi vyake ni vichache. Anajua soka, labda na mpira wa pete. Kurusha, kuruka, kubiringika kwa usalama, kufundisha mtoto wa miaka saba kudaka mpira bila kufumba macho, hayo hakuna aliyemwonyesha. Kwa mwalimu huyu kishikwambi kina faida hata kabla ya watoto kuingia uwanjani, kwa sababu kinaweza kumfundisha yeye.

Jirani zetu wana mfano ambao dunia nzima ya riadha inaujua. Julius Yego, kijana wa Nandi nchini Kenya, alianza kurusha mkuki mahali ambapo kila mtu alikuwa akikimbia na mafundi wa mkuki hawakuwapo. Alijifunza kwa kutazama video za YouTube za warushaji wakubwa, Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway, kisha akatoka kwenda kurusha. Mwaka 2015 mjini Beijing alikuwa bingwa wa dunia kwa mita 92.72, na mwaka uliofuata akachukua fedha ya Olimpiki ya Rio. Baadaye alipata makocha na kambi za nje, hilo tusilifiche. Tunachokichukua kwake ni uwiano wa muda: video ilikuwa ya dakika, kurusha kulikuwa kwa saa nyingi, siku baada ya siku.

Kwa hiyo tunaiomba TET irekodi mfululizo wa video fupi kwa ajili ya walimu wa shule za msingi. Ziwe za dakika mbili au tatu, kwa Kiswahili, zimepigwa kwenye uwanja wa vumbi wa shule ya kawaida yenye watoto wengi, na vifaa vionekane ni vile vinavyopatikana: mpira wa makaratasi na kamba, matairi ya zamani, magunia, chupa za maji zilizojazwa mchanga. Mwalimu wa Namtumbo akiona video iliyopigwa kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao na mipira arobaini ya rangi ataizima, na hatutamlaumu. Ziwemo humohumo rede, kombolela, kuvuta kamba, mbio za magunia, mdako kwa wadogo wanaojifunza kuratibu jicho na mkono. Michezo hii inabeba stadi zilezile zilizoandikwa kwenye muhtasari kwa maneno mazito, na watoto wanaipenda tayari. Bibi na mama wa mtaani wanazijua sheria zake kuliko sisi. Waitwe shuleni warekodiwe wakiicheza.

Video hizo zipakiwe zikae ndani ya kishikwambi. Bando la intaneti linatoka mfukoni mwa mwalimu, na si haki kumtaka alilipie somo la Serikali. Afisa Elimu Kata anaweza kuzigawa kwa kadi ya kumbukumbu siku ya jumuiya ya kujifunza, ile ambayo walimu hukutana chini ya mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA. Wakutane uwanjani siku hiyo badala ya darasani. Wavue viatu, wafanye wenyewe, warekodiane, wasahihishane. Mwalimu aliyeona aibu ya kujitazama akiruka ataelewa vizuri aibu ya mtoto.

Wengine watauliza kwa nini tunahangaika na kipindi wakati nchi ina mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kila mwaka. Tunayapenda mashindano yale na yametoa vipaji. Lakini yanachuja. Kata inachagua, wilaya inachagua, mkoa unachagua, na wanaofika ngazi ya taifa ni wachache waliokuwa wazuri tangu mwanzo. Kipindi cha michezo ni cha yule ambaye hatachaguliwa kamwe, na huyo ndiye ambaye akimaliza shule bila kuupenda mwendo wa mwili wake atakuwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu tutakayemhudumia miaka thelathini baadaye.

Tuseme sasa tusiyoyataka, maana biashara imeanza kubisha hodi, hasa kwenye shule za binafsi za mijini. Saa za mkononi za kuhesabu hatua kwa kila mwanafunzi. Michezo ya kwenye skrini kubwa ya kucheza dansi. Programu za kulipia kwa mwezi zinazompa kila mtoto alama na nafasi yake darasani. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Uingereza, Charlotte Kerner na Victoria Goodyear, walichapisha matokeo ya wanafunzi wa miaka 13 na 14 waliovaa vifaa vya kuhesabia hatua kwa wiki nane. Hamu yao ya mazoezi ilipungua. Waliona wanashinikizwa na namba na kulinganishwa na wenzao. Hao walikuwa wakubwa kuliko wa shule yetu ya msingi, lakini mwalimu yeyote anajua kuwa mtoto wa miaka tisa anaumia zaidi, siyo pungufu, jina lake likisomwa la mwisho mbele ya wote. Rekodi ya kila mtoto iwe kati yake na mwalimu: mwezi uliopita uliruka hapa, leo umeruka hapa.

Wala hatutaki vifaa vya kila mwanafunzi kwa ajili ya somo hili. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa kwa wanafunzi wa darasa la kwanza chini ya mpango wake wa elimu ya kidijitali, na zaidi ya vifaa milioni moja vilifika shuleni. Ilikuwa hatua ya ujasiri. Hata hivyo, kuna shule zilizoishia kuvifungia kabatini kwa hofu ya wizi, na walimu wengi hawakuwa wameandaliwa kuvitumia kabla havijafika. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu ufuatiliaji wa elimu duniani, iliyojikita kwenye teknolojia, ilisisitiza kwamba teknolojia ije kumsaidia mwalimu na isichukue nafasi yake. Uwanjani ukweli huo unaonekana kwa macho. Mtoto aliyeshika kishikwambi hawezi kudaka mpira.

Hapa kuna jambo ambalo hatutalipitia haraka. Kamera inayorekodi watoto wakiruka na kubiringika inarekodi miili ya watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu na wao, na hata bila sheria, adabu ya malezi inatosha kutuongoza. Video ya kipindi isitoke nje ya kipindi. Isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, isiwekwe TikTok kwa sababu mtoto ameanguka kwa namna ya kuchekesha, isitumike kutangaza shule. Baada ya mtoto kujiona, ifutwe mbele yake, na yeye azoee kuona inafutwa. Mzazi aulizwe mwanzoni mwa mwaka, kwa fomu ya ukurasa mmoja, na anayekataa mtoto wake asirekodiwe na asitengwe.

Wasichana wa madarasa ya juu ndio wa kufikiriwa kwanza. Msichana wa miaka 12 au 13 ambaye mwili wake unabadilika, anayeruka akiwa na sketi ya shule kwa sababu hana bukta wala suruali ya michezo, hatafurahia kamera, na ana haki. Shule iruhusu suruali ndefu na hijabu za kuchezea, ihakikishe kuna mahali pa kubadilishia nguo, na mwalimu wa kike ndiye arekodi wasichana pale anapopatikana. Asipopatikana, msichana anaweza kurekodiwa miguu tu, kuanzia magotini kwenda chini. Kwa kuruka chini hapo ndipo penye sehemu kubwa ya somo.

Limebaki jambo moja la Serikali, na tunaamini ndilo linaloviweka vishikwambi kwenye droo kuliko uvivu wowote. Mwalimu anaogopa. Kifaa ni mali ya Serikali aliyoisainia. Kikianguka uwanjani kikapasuka kioo, kikipigwa na mpira, kikiibwa wakati anamwinua mtoto aliyechubuka goti, nani atalipa? Mpaka ajue jibu, mwenye busara atakiacha ofisini, nasi tungefanya vivyo hivyo. TAMISEMI itoe maelekezo ya maandishi kwamba kifaa kikiharibika kwa bahati mbaya katika matumizi halali ya kipindi, chochote kile, mwalimu hatadaiwa. Waraka wa ukurasa mmoja utavitoa vishikwambi vingi nje kuliko semina za mwaka mzima. Uambatane na fungu la makasha ya mpira ya kukinga vifaa, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya kioo kipya, na maelekezo ya kuchaji kwa shule zisizo na umeme ambazo zina paneli ya sola ofisini.

Wathibiti ubora wa shule nao wana kazi. Wanapokagua hupitia ratiba, andalio na shajara ya somo, na kwenye karatasi kipindi cha michezo huonekana kimefundishwa. Tunawaomba muhula ujao, katika kila shule watakayoitembelea, wachague darasa moja, watoke nalo nje kipindi cha Sanaa na Michezo kinapoanza, wamchague mtoto mmoja wa katikati, asiye hodari wala mzembe, na wamfuate kwa saa ya simu zao: wawashe anapoanza kusogea, wazime anaposimama kusubiri. Namba watakayoipata mwishoni mwa kipindi waiandike kwenye ripoti, na mwalimu mkuu aisaini.